Kompyuta za Kigango Nyumbani kwa Katibu

Kilichomvunja Evangelina kidole cha mguu kilikuwa mali ya Kanisa. Lilikuwa dude jeusi, zito kama jiwe la kusagia, ambalo mumewe aliliita yupiesi, na ambalo kazi yake, kwa maelezo ya mumewe huyo huyo, ni kuhifadhi umeme ili ukikatika kompyuta isizimike ghafla. Kwa miaka kumi na moja dude hilo lilikaa sebuleni kwao, na halikuwahi kuhifadhi hata umeme wa kumshtua panya. Jumamosi hiyo asubuhi Evangelina alikuwa anatoka jikoni pekupeku, mikononi sufuria la matoke, akili yake ikiwa kwenye kahawa aliyoianika uani na wingu lililokuwa linajikusanya juu yake. Akalipiga teke. Dude halikusogea. Kilichosogea ni kidole.

Alipiga yowe lililotawanya kuku mpaka mwisho wa kibanja. Matoke yakabingirika chini ya sofa. Mumewe, Elpidius, katibu wa kigango cha Omukishenyi, akatoka chumbani mbio, povu la mswaki likimtiririka kidevuni. Akamtazama mkewe aliyekaa sakafuni kashika mguu. Akalitazama lile dude. Akachuchumaa, akalipapasa ubavuni.

"Halijapata ufa?" akauliza.

Evangelina alikuwa na miaka hamsini na miwili na watoto watano, na katika ndoa yake alikuwa amesamehe mengi, yakiwemo mawili ambayo padri mwenyewe alimwambia asiharakishe kuyasamehe. Swali hili hakulisamehe. Alimtazama tu mumewe kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukitia mkasi.

Zahanati walimfunga kile kidole kwa plasta pamoja na jirani yake. Mganga akamwambia apumzike wiki mbili, kisha akamuuliza kama ameumia shambani.

"Nimeumia kwa ajili ya Kanisa," Evangelina akamjibu.

"Basi thawabu yako ni kubwa, mama," mganga akasema, akampa panadol kumi.

Habari ya mali hiyo ilikuwa hivi. Marafiki wa parokia kutoka Ulaya walileta kontena zima la kompyuta ambazo huko kwao zilikuwa zimeshachoka, na kila kigango kikapata mgao. Omukishenyi, kitongoji kilichojificha kwenye migomba upande wa Bweranyange, kilipata skrini kumi na mbili, zile za chogo, kila moja na kisogo chake kirefu kama cha mtoto aliyelazwa vibaya. Kilipata sipiyu kumi na nne, printa tatu, yupiesi mbili, kibodi hakuna aliyejua ngapi, na gunia la nyaya zilizosokotana kama matumbo ya mbuzi. Kigango hakikuwa na ofisi. Hakikuwa na umeme pia, lakini hilo hakuna aliyelitaja siku ya kupokea, kwa sababu wageni walikuwa wanapiga picha. Mwenyekiti akauliza vitu hivi vitakaa wapi kwa muda, na Elpidius, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kusoma matangazo, akasema vitakaa kwake.

Kwa muda. Evangelina alikuwa anayakumbuka maneno hayo mawili kila alipotaka kuketi. Machogo yalipanga foleni ukutani sebuleni, yakimtazama akila. Sipiyu zilijaa chini ya kitanda cha ndoa, na ukigeuka vibaya kona zake zinakuita mbavuni. Kuku mmoja mwekundu alilifanya boksi la kibodi kuwa wodi ya wazazi, na mayai yake yalikuwa yakitoka yamechapwa mistari. Mgeni akija anapewa kiti, soda, na printa ya kupakata mapajani, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka wakati anakaa.

Na kuvitupa haikuwezekana. Kila kikao cha halmashauri ya kigango kilikuwa na ajenda ya kompyuta, kila mara ilikuwa ya mwisho, na kila ikifikiwa mtu anakohoa, mwenyekiti anatazama saa, inaahirishwa. Maparoko watatu wamekuja na kuondoka. Evangelina aliwahesabia wajumbe wote woga. Wanaogopa, alisema, kwamba Wazungu watarudi siku moja kuuliza habari za machogo yao.

Basi akalala kitandani mguu juu ya mto, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kusali akachoka. Redio ikaisha betri. Kitu pekee cha kusoma kilichokuwa karibu ni faili la mihtasari ya kigango, ambalo mumewe aliliweka juu ya sipiyu iliyogeuzwa kuwa meza ya pembeni. Evangelina akalifungua kwa kukosa la kufanya, na kwenye muhtasari wa mwaka ule wa kontena, kwa mwandiko wa Elpidius mwenyewe, akakutana na mstari huu: *Imeamuliwa kwamba vifaa vitunzwe majumbani kwa wajumbe wa halmashauri hadi darasa litakapofunguliwa.*

Akausoma tena, midomo ikicheza. Majumbani. Kwa wajumbe. Si nyumbani. Si kwa katibu.

"Ee Bikira Maria," akasema polepole, na ilikuwa shukrani.

Ijumaa ile Elpidius alikuwa anakwenda Nyakatuntu, Kyerwa, kwenye arusi ya mtoto wa dada yake, na angelala huko. Evangelina naye alikuwa aende, ila kwa kile kidole ikabidi abaki. Alimkunjia mumewe shati, akamtakia safari njema kwa upole uliomfanya Elpidius ageuke mara mbili njiani. Pikipiki ilipopotea tu, Evangelina akampigia simu Celestin.

Celestin wazazi wake walitoka Burundi, na mwenyewe alikuwa na baiskeli iliyojulikana Omukishenyi yote, kwa sababu ilibeba mikungu minane ya ndizi na yeye akaisukuma kilimani akiimba. Alifika, akachungulia sebuleni, akavua kofia.

"Mama, hizi zote zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda kutunzwa."

"Na wewe na mguu huo?"

"Mguu utafuata nyuma. Funga kamba."

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti, Mzee Nolasco, mtu wa miaka sabini na kidogo, mrefu, aliyezungumza kama anayefungua mkutano hata akiomba chumvi. Walimkuta uani anachambua kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Noela. Pole na mguu. Karibuni. Na hayo mazigo ni ya nini?"

"Ni mgao wako, mzee." Evangelina akatoa muhtasari kifuani, akamsomea mstari wote, na chini yake saini, ya nani? Ya Nolasco. "Skrini mbili, sipiyu mbili, yupiesi moja. Hiyo yupiesi usiipige teke."

Mzee Nolasco akaupokea ule muhtasari, akautafuta mstari kwa kidole. Alikuwa amewaambia watu kwa miaka mingi kwamba muhtasari uliotiwa saini ni sheria, na sasa sheria ilikuwa imekuja kwa baiskeli. "Hili suala," akasema hatimaye, "linahitaji kikao."

"Kikao kikae. Hizi zitakisubiri hapa," akasema Evangelina, na Celestin alikuwa ameshaanza kufungua kamba.

Katekista Gosbert, mtu mpole mwenye nyumba ya vyumba viwili, alipokea mgao wake kwa unyenyekevu, akauliza tu kama kuna hata moja inayowaka. Alipoambiwa hapana, akasema basi ni sawa na wanakwaya wake. Wajumbe wawili wa ng'ambo ya bonde hawakuwepo. Wakaachiwa barazani, printa juu, gunia la nyaya chini, na mbwa wa mmoja wao akabaki anazibwekea mpaka zamu yake ikaisha.

Aliyepigana ni Mama Benadeta, kiongozi wa akina mama. Alisimama mlangoni na mwiko wa ugali.

"Evangelina, hicho kitu hakiingii kwangu."

"Dada, kwangu kimekaa miaka kumi na moja."

"Kwa sababu mumeo alikitaka!"

"Na wewe ulisaini."

"Nilisaini nikiwa na njaa, kikao kilianza asubuhi kikaisha saa tisa!" Mama Benadeta akaushusha mwiko kidogo, akamtazama Evangelina kwa namna ambayo Evangelina hakuielewa, kama vile anataka kusema neno na anaogopa litakapoangukia. "Elpidius anajua unafanya hivi?"

"Yuko arusini."

"Hukumuuliza."

"Yeye aliniuliza mimi? Aliuliza yupiesi hali yake."

Mama Benadeta akaguna, akapisha njia. Celestin akapitisha machogo mawili. Hakuwa anaimba tena. Ilikuwa safari ya sita.

Jioni Evangelina alifagia. Chini ya kitanda alikuta vitu alivyokuwa ameshavifanyia matanga: kanga, kijiko cha fedha cha mama yake, cheti cha kipaimara cha binti yao Noela, na panya aliyekauka bapa kama bahasha. Akadeki mara mbili. Kisha akalala katikati ya kitanda, akageuka upande huu, akageuka upande ule, na hakuna kilichomwita.

Elpidius alirudi Jumapili mchana na kifurushi cha nyama ya arusi. Evangelina alikuwa amejiandaa. Hotuba ilikuwa imekaa sawa kinywani, na yenye makali, kuanzia kontena mpaka kidole. Lakini Elpidius hakumpa nafasi. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, na viatu vyake vikatoa mwangwi. Akaenda chumbani, akainama, akatazama chini ya kitanda. Akarudi. Akakaa sakafuni, pale pale yalipokuwa yamejipanga machogo, na suti yake ya arusi, kifurushi cha nyama mapajani.

"Zote?" akauliza.

"Zote. Ziko kwa wajumbe, kama mlivyoandika."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Hakupiga kelele, na hapo ndipo Evangelina akaanza kuogopa, maana Elpidius wa kelele alimzoea. Huyu mpole hakujua amsome vipi.

"Niliahidi mbele ya altare," Elpidius akasema. "Siku ile. Nilisema mwaka hautaisha kabla watoto wa Omukishenyi hawajaanza kuchapa. Watu walipiga makofi. Mama yangu alikuwepo, alipiga kigelegele."

"Nakumbuka."

"Umeme ulipofika, wewe ulikuwa kwa Noela, unamwogesha mtoto. Niliziwasha. Moja moja. Nne ziliwaka. Moja ikaandika maneno ya Kizungu, nikapiga magoti, kweli nakwambia, nikapiga magoti. Halafu ikatoa moshi. Ya pili moshi. Nyingine hazikukohoa hata mara moja. Nikafungua madirisha yote. Uliporudi nikakwambia nilichoma takataka."

Evangelina alikumbuka ile harufu kwenye mapazia. Aliyafua mara tatu.

"Sasa zikiwa humu ndani," Elpidius akaendelea, "darasa lilikuwa halijafunguliwa bado. Unanielewa? Bado tu. Zikitupwa, basi mimi ni mwongo."

Hotuba yote ya Evangelina ikamyeyukia mdomoni. Alitaka kumhurumia, na alimhurumia, lakini mdomo wake haukuwa umezoea njia hiyo na ukashika ile ya siku zote.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "nimelala juu ya uongo wako na mgongo ukaniuma. Ungeniambia ningeweka godoro nene."

Elpidius akamtazama. Pembe ya mdomo ikatikisika. Kisha akacheka, kicheko kibovu chenye kamasi, na Evangelina akateremka naye sakafuni, mguu mbele kama kigari kibovu, akamnyang'anya ile nyama kabla haijaloweka suti.

Kikao cha dharura kiliitishwa Jumanne, chini ya bati la kanisa. Watu ambao hawakuwahi kumaliza ajenda ya kompyuta kwa miaka kumi na moja walifika wote kabla ya saa. Mmoja wa wale wa ng'ambo ya bonde alisema mbwa wake amegoma kula. Gosbert alisema analala amekunja miguu. Mama Benadeta alisema mkwewe amejikwaa, na kwamba yeye kama kiongozi wa akina mama hawezi kuvumilia jambo hilo likitokea kwa mwanamke yeyote. Kisha akamtupia jicho Evangelina, aliyekuwa amekaa nyuma na fimbo yake bila kualikwa, akaongeza, "Tena."

Elpidius akasimama.

"Wajumbe, kabla ya kuandika chochote, nina neno. Kompyuta zile zilikufa. Zilikufa mwaka ule ule umeme ulipoingia, mikononi mwangu. Niliwaahidi darasa, na darasa halitakuwepo, na nimewaficha. Naomba msamaha wa kigango, na kama mnataka katibu mwingine..."

"Katibu, kaa chini," akasema Mama Benadeta.

"Sijamaliza."

"Umemaliza. Moshi ulitoka kwenye madirisha yako yote manne, Elpidius. Sisi tulidhani nyumba inaungua. Mume wangu alikuja na ndoo, akakuta umepiga magoti mbele ya chogo unalia. Akarudi na ndoo yake."

Mzee Nolasco akakohoa, kikohozi kile kile cha ajenda ya mwisho.

"Ndiyo maana tulikuwa tunaahirisha," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufungua mkutano wowote. "Tulisema, mtu huyu atatuambia siku akiweza. Tusimwaibishe. Hatukujua kwamba itachukua muda hivi."

Evangelina, kule nyuma, uso ulimwaka. Miaka yote hiyo alikuwa amewaita waoga. Aliwaita waoga sokoni, kisimani, na mara moja kwenye sala, kwa majina. Kumbe kitongoji kizima kilikuwa kinamtunzia mumewe aibu yake, na yeye aliyelala naye kitanda kimoja ndiye pekee asiyejua kitu. Kilimuuma, tena kuliko kidole. Na chini ya maumivu hayo kulikuwa na kitu kingine kilichomkera zaidi kwa sababu hakukitarajia: aliwapenda wote, hata Nolasco.

"Mngeweza kuniambia mimi!" akapaza sauti.

"Wewe?" akasema Mama Benadeta. "Na mdomo huo?"

Watu wakacheka, na Elpidius akacheka, na Evangelina akajaribu kununa, akashindwa.

Uamuzi ulichukua dakika saba. Kuna fundi mwanamke Kayanga, Niyigena, anayenunua redio na simu mbovu na kuzichambua: shaba huku, bati huku, na vile vyenye sumu anavipeleka kwa watu wanaojua pa kuvipeleka. Apigiwe simu. Elpidius akaandika, na alipofika mwisho akauliza kama wote wanaafiki. Mikono ikanyooshwa, isipokuwa mmoja.

"Mwenyekiti?"

Mzee Nolasco akarekebisha kola. Ilibainika kwamba chogo moja alikuwa ameliweka juu ya kabati, mkewe akalitandikia kitambaa alichokishona kwa mkono, juu yake vikawekwa maua ya plastiki na picha ya ubatizo wa mjukuu. Jirani mmoja alipita akadhani ni televisheni. Mwingine akaja kuuliza taarifa ya habari ni saa ngapi. Kuanzia hapo, akasema mzee, nyumba imepata heshima fulani.

"Mzee, haionyeshi kitu," akasema Gosbert.

"Na ndiyo maana hatugombani juu ya kutazama nini."

Ikaandikwa kwamba mwenyekiti anatunza skrini moja hadi hapo atakapoamua vinginevyo.

Niyigena alikuja Alhamisi na gari dogo la mizigo, akiwa na bisibisi kwenye nywele, nyumba kwa nyumba, Celestin akimwonyesha njia na kumwonya kuhusu mbwa. Kila sipiyu aliifungua ubavu, akachungulia, akatoa sauti ndogo ya huruma kama daktari wa meno. Walipomaliza kupakia wakapita kwa katibu, na Elpidius akaomba lifti mpaka barabara kuu, ingawa hakuwa na safari. Akapanda nyuma, akakaa kati ya machogo. Evangelina alisimama getini na fimbo. Hakumuuliza anakwenda wapi. Akaona tu gari linavyoshuka kilima, na mumewe ameshika kamba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameuweka juu ya chogo la karibu, asiruhusu lidunde.

Alirudi kwa miguu baada ya saa nzima, vumbi mpaka nyusi. Evangelina alikuwa ameshapakua chakula, mezani, kwa mara ya kwanza mezani tangu machogo yaje. Wakakaa. Meza ilikuwa kubwa kuliko walivyoikumbuka, na kila mmoja alikuwa amekaa mwisho wake kama mawakili.

"Nipe chumvi," akasema Elpidius.

"Ifuate."

Akainuka, akabeba sahani yake, akahama na kiti chake upande wa mkewe.